Panga la kuazima ni ghali kuliko jiwe la kunolea

Leo sitazungumzia mbolea wala mbegu. Leo nataka tuongee kitu ambacho wengi mtakiona kidogo: makali. Makali ya kisu, ya panga, ya mkasi wa kupogolea. Najua mtu atasema, Bwana Shamba umekosa cha kuandika? Subiri kwanza usome mpaka mwisho, halafu kama unabisha, bisha kwa hoja.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Masika moja nilikwenda kwa kijana mmoja hapa Lusahunga, ana migomba kama ekari moja na nusu, ameipanga vizuri kwa kamba, amepima nafasi, amefukia samadi. Kijana makini kabisa. Alikuwa ameniita nimfundishe kupunguza machipukizi, maana kila shina lilikuwa limeota watoto saba, nane. Tulipofika shambani nikamwomba panga. Akatoa la kwake, nikakata chipukizi la kwanza, panga likaruka. Nikapiga tena, likabana. Yule kijana akacheka kwa aibu, akamwambia mdogo wake, "Nenda kwa mzee pale, kachukue panga lake, la kwetu halikati."

Panga la mzee likaja. Lilikuwa kali kweli kweli, mzee yule ni mtu wa kunoa kila asubuhi. Nikafanya kazi nalo kama masaa mawili, shina baada ya shina, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, naeleza huku nakata. Siku hiyo sikuwa na JIK. Niliiacha kwenye pikipiki nyingine. Nikajiambia, ah, eneo hili liko safi.

Wiki chache baadaye akanipigia simu. Majani ya mashina matatu yamenyauka na kuwa ya njano kama yameunguzwa na maji ya moto. Nikaenda, nikakata shina moja, tukasubiri dakika kama kumi. Ukatoka ule uji wa njano. Unyanjano.

Siwezi kuapa kwamba ni lile panga. Wadudu nao wanabeba, miche nayo inabeba. Lakini baadaye tulijua kwamba panga lile lilikuwa linazunguka nyumba nne au tano pale jirani, na moja ya mashamba hayo lilikuwa linaumwa kabla ya la kijana wangu. Mimi kila nikipita pale naona mapengo kwenye ile mistari iliyonyooka, na najua moyoni.

Sasa jiulize swali ambalo mimi nilijiuliza usiku ule: ugonjwa ule uliingia kwa sababu gani? Watu wengi watasema kwa sababu hatukusafisha panga. Ni kweli. Lakini rudi nyuma hatua moja. Tuliazima panga kwa nini? Kwa sababu la nyumbani lilikuwa butu. Na lilikuwa butu kwa sababu kwenye nyumba ile hakuna aliyejua kunoa. Hapo ndipo mnyororo ulipoanzia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nayasema wazi: kijana anayefanya kilimo cha biashara hapa kwetu na hajui kunoa vifaa vyake mwenyewe, nyumbani kwake, bado hajakamilisha uwekezaji wake. Na tabia ya kuazimana mapanga, hata kama ni ujirani mwema, kwenye migomba tuiache.

Kwa nini nasisitiza migomba

Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, huo tunaouita unyanjano, haukuzaliwa hapa. Wataalamu waliuandika kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye mmea unaofanana na mgomba unaoitwa enseti. Uganda ulithibitishwa mwaka 2001, na kwetu Kagera mwaka 2006. Toka hapo tunaishi nao. Hauna dawa ya kupuliza. Hakuna duka la pembejeo Biharamulo wala Ngara litakalokuuzia chupa ya kuutibu, na akitokea mtu akakuuzia, amekuibia.

Njia zake za kusambaa zinajulikana. Kuna wadudu, ambao wanatua kwenye ua dume, ile ncha ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu. Kuna miche iliyotoka kwenye shamba linaloumwa. Na kuna vifaa vya kukatia. Hii ya tatu ndiyo iliyo mikononi mwetu kabisa.

Piga hesabu ndogo. Ukipanda mita tatu kwa mita tatu, ekari moja inabeba mashina kama 450. Ukipunguza machipukizi mawili tu kwa kila shina, umekata mara 900 kwa mzunguko mmoja. Hujahesabu majani makavu, hujahesabu mikungu. Kila mkato ni jeraha, na kila jeraha ni mlango. Kisu butu kinakata mara tatu pale kisu kikali kinapokata mara moja, kinaponda badala ya kukata, na kinakuchosha. Mtu aliyechoka saa tano asubuhi ndiye anayesema, "JIK nitachovya shina linalofuata." Nimewaona. Nimekuwa mmoja wao.

Tusibaki kwenye migomba peke yake. Wale mnaobebesha parachichi na maembe, mnajua kwamba mkato wa kikonyo ukiwa na mikwaruzo hauungi vizuri; unataka mkato mmoja, laini, unaong'aa. Wale wa kabichi na pilipili hoho, shina lililochanika linaoza haraka njiani. Wale mnaouza mbuzi na ng'ombe, kisu kibaya kinatoboa ngozi na ngozi iliyotobolewa inashuka daraja. Makali ni pesa, tusitafute neno lingine.

Sasa tunanoa vipi?

Hapa kwetu njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni jiwe la mtoni au ukingo wa ngazi ya sementi. Ya pili ni fundi mwenye baiskeli anayepiga pedali jiwe likazunguka. Ya tatu ni grainda ya fundi wa kuchomelea.

Jiwe la mtoni mzee anayelijua analiweza, mkono wake una kipimo cha miaka arobaini. Wewe na mimi hatuna mkono huo. Fundi wa baiskeli namheshimu sana, lakini anakuja siku anayokuja yeye, sio siku chipukizi lako limefikia kukatwa. Na grainda, jamani, grainda ndiyo inayoua visu. Ikizunguka kasi inapasha makali moto mpaka yanageuka rangi ya bluu. Ile bluu mnayoiona mkadhani ni urembo ni alama kwamba chuma kimepita kama nyuzi joto 300, na ule ugumu aliotengenezea kiwanda umeondoka. Kisu kinakata vizuri siku hiyo hiyo, kesho yake butu. Unarudi kwa fundi, anakula chuma tena. Baada ya msimu panga limekuwa jembamba kama la kuchezea.

Kinachotusumbua sote ni kitu kimoja: pembe. Kunoa sio kusugua chuma kwenye jiwe. Kunoa ni kushika pembe ile ile kutoka mkato wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukiinua mkono kidogo unakula ncha ya makali uliyotoka kuitengeneza, ukishusha unasugua shavu la kisu bure. Ndiyo maana unanoa nusu saa na kisu hakikati nyanya.

Wenzetu walilitatua hili kwa kifaa rahisi. Kuna kibano kinachoshika kisu kwa mgongo. Nyuma ya mgongo kuna kinguzo chenye matundu. Jiwe dogo limefungwa kwenye fimbo nyembamba ya chuma, na fimbo inapita kwenye tundu. Wewe unasogeza jiwe mbele na nyuma tu. Pembe inashikwa na tundu, sio na mkono wako. Kampuni ya Lansky ya Marekani inatengeneza kimoja chenye matundu manne: nyuzi 17, 20, 25 na 30. Na mitandaoni vipo vingi vya Kichina vya namna hiyo.

Mimi ninacho kimoja, nimekitumia miaka kadhaa sasa. Nitawaambia ukweli wake wote, mazuri na mabaya.

Uzuri wake ni kwamba mtu asiyejua kabisa anaweza kunoa kisu cha kubebeshea au cha jikoni kikanyoa nywele za mkono, siku ile ile ya kwanza. Nimemfundisha mama mmoja wa mgahawa pale makutano, wanaposimama malori ya Rusumo, dakika ishirini akawa anafanya mwenyewe.

Ubaya ni huu. Kwanza, hakifai panga. Panga ni refu na nene. Itabidi ufungue na kufunga kibano mara tatu nne, na kila ukihamisha pembe inabadilika. Hata kwa kisu kirefu, sehemu iliyo mbali na kibano inapata pembe ndogo kuliko iliyo karibu, kwa sababu fimbo imekuwa ndefu zaidi. Pili, vile vya bei ya chini sana kibano chake kinalegea, kisu kinacheza, na kisu kinachocheza ni heri ungenoa kwa mkono. Tatu, kwa bei ya kimoja kizuri unanunua tupa kadhaa. Kwa hiyo sisemi kila mtu akimbilie kuagiza. Nasema elewa kanuni yake, halafu tengeneza cha kwako.

Tengeneza cha kwako

Tafuta ubao mgumu wa urefu wa sentimita 40. Upande mmoja funga mabapa mawili ya chuma kwa bolti mbili na nati zile zenye masikio za kukaza kwa vidole. Hicho ndicho kibano. Mgongo wa kisu unaingia humo, makali yanatazama kwako, kisu kimelala sambamba na ubao. Upande wa pili, nyuma ya mgongo, simamisha kinguzo cha chuma au mbao ngumu.

Sasa pima. Kinguzo kiwe sentimita 20 kutoka kwenye makali. Kisha toboa matundu kwenye kinguzo, ukipima kwenda juu kuanzia usawa wa kisu:

Sentimita 5.4 inakupa nyuzi 15.
Sentimita 7.3 inakupa nyuzi 20.
Sentimita 9.3 inakupa nyuzi 25.
Sentimita 11.5 inakupa nyuzi 30.

Waliosoma hesabu za pembetatu kidato cha pili wanajua namba hizo zimetoka wapi. Kumbe zile tanjenti zina kazi!

Fimbo iwe nondo nyembamba ya milimita 6, iliyonyooka. Matundu yawe makubwa kidogo kuliko nondo ili iweze kucheza kushoto na kulia. Kwenye ncha ya fimbo funga kipande cha bapa la chuma lililonyooka, urefu kama kidole cha kati au zaidi kidogo, na juu yake gundisha msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi rangi wa magari. Namba 220 kwa kisu kilichochoka, 400 kwa kati, 1000 kwa kumalizia. Msasa ukiisha unabandua, unabandika mwingine. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea kibano na kinguzo nusu siku.

Unataka uhakika kama pembe ni sahihi? Paka makali kwa kalamu ya wino mzito, pitisha msasa mara moja, angalia. Wino ukitoka juu tu karibu na mgongo, pembe ni ndogo. Ukitoka kwenye ncha tu, pembe ni kubwa. Ukitoka wote sawasawa, umepatia. Simu zenu nazo nyingi zina programu ya kupima mwinamo, ilaze juu ya lile bapa la msasa usome nyuzi.

Na usiye na kifaa chochote, chukua karatasi, kunja kona yake katikati, una nyuzi 45. Kunja tena, una nyuzi 22 na nusu. Weka kipembe hicho juu ya jiwe, egemeza kisu, jicho lako lizoee. Huna kisingizio.

Hatua zenyewe

Osha kisu kwanza, toa utomvu na matope. Kaza kibano. Anza na msasa mkavu wa namba ndogo, sogeza kwa nguvu ya wastani kutoka shina la kisu mpaka nchani. Endelea mpaka ukipitisha kidole taratibu upande wa pili, kwa kukatisha makali na sio kwa kufuata urefu wake, usikie kitu kinakwaruza. Hicho ni chuma kilichojikunja kuelekea upande wa pili, na ndiyo ishara kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Kama hujakisikia, hujamaliza, hata kama mkono umechoka. Wengi tunaishia hapa, tunageuza kisu kabla ya wakati.

Geuza kisu, fanya hivyo hivyo mpaka mkwaruzo urudi upande wa kwanza. Panda namba 400, kisha 1000, kila mara ukipunguza nguvu. Malizia kwa kupitisha kisu kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, ukivuta kwa mgongo wa kisu ukitangulia, ili kile kilichojikunja kitoke.

Pembe gani kwa kifaa gani? Kisu cha jikoni nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kisu cha kubebeshea vingi vimenolewa upande mmoja tu. Noa upande huo huo, upande bapa uulaze chali juu ya msasa mara mbili tatu kuondoa mkwaruzo, basi. Mkasi wa kupogolea, noa ule ulimi unaokata, upande wa nje wenye mteremko. Ile ndoano ya chini usiiguse. Panga, nyuzi 25 hadi 30 kila upande, kwa tupa. Bana panga kwenye jiliwa au hata katikati ya panda ya mti ulioukaza kwa kamba, kisha sukuma tupa mbele tu. Meno ya tupa yanakata ukisukuma, ukirudi, inua. Anayekokota tupa mbele na nyuma kama msumeno anaua tupa.

Makali na usafi vigombane?

Hapa kuna jambo ambalo sisi maafisa ugani wenyewe tumewachanganya, naomba nilinyooshe. Tunawaambia mchome panga kwenye moto kuua bakteria, au mchovye kwenye JIK. Zote zinafanya kazi. Lakini hatuwaambii gharama yake kwenye chuma.

Moto, ukiacha panga kwenye makaa mpaka makali yabadilike rangi, unafanya kosa lile lile la grainda. JIK nayo inaleta kutu. Kijana ananoa kisu chake vizuri, anakichoma, makali yanakufa, anaona kunoa hakuna maana. Mwingine anachovya kwenye JIK, anakiacha mpaka kesho, anakuta kutu, anaacha kuchovya. Kati ya hao wawili ugonjwa unapita.

Ushauri wangu: tenga vifaa. Uwe na panga moja la zamani la kukatia mashina yanayoumwa tu, hilo lichome upendavyo, hilo halihitaji kunyoa ndevu. Kifaa chako kikali cha kila siku, kitumie na JIK: kipimo kimoja cha JIK kwa vipimo vitano vya maji, kwenye ndoo unayotembea nayo. Futa kwanza utomvu na udongo, maana uchafu unaidhoofisha dawa, kisha chovya unapotoka shina moja kwenda lingine. Ikichafuka, mwaga, changanya nyingine, usiiache juani. Ukimaliza kazi suuza kisu kwa maji safi, kausha, paka mafuta kidogo, hata ya kula. Dakika tatu tu.

Na shina likiumwa, kata hilo hilo linaloonyesha dalili, usawa wa ardhi, usafishe kifaa, usonge mbele. Ua dume litoe mapema mkungu ukishamaliza kufungua vichane, na lile usilikate kwa kisu hata kidogo: tumia mti wenye panda, lizungushe mpaka likatike. Kazi ambayo haihitaji makali usiipe makali.

Majibu kwa wabishi

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza: "Bwana Shamba, kumnyima jirani panga ni roho mbaya." Mimi nimekulia kijijini kama wewe, najua. Lakini kuna njia ya kumsaidia jirani bila kumpa ugonjwa. Mwambie alete panga lake, mnolee. Ukimaliza, lichovye, mpe. Umempa makali, hujampa bakteria. Huo ndio ujirani mwema ninaoutaka mimi.

Ya pili: "Sina muda." Kisu kinachotunzwa hakihitaji nusu saa. Kinahitaji mikato michache ya namba 1000 kila jioni. Anayehitaji nusu saa ni yule aliyengoja miezi sita.

Ya tatu, hii naipenda: "Mimi ni mfanyabiashara, kunoa ni kazi ya kibarua." Sawa. Basi mfundishe kibarua wako, mnunulie tupa, na umkague. Lakini huwezi kukagua kitu usichokijua. Na tena, kama unatafuta mradi wa pembeni, angalia pale makutano: mabucha, migahawa, wauza nyama choma, mafundi nguo wenye mikasi. Wote wanalia na makali. Kijana mwenye kibano chake cha ubao hawezi kukosa mboga.

Nirudi kwa yule kijana wangu. Hakukata tamaa. Aliondoa yale mashina, mengine yakafuata kuumwa, akaendelea kuondoa moja moja. Sasa hivi ana ndoo yake ya JIK, ana panga lenye alama ya rangi nyekundu kwenye mpini la kukatia mashina yanayoumwa tu, na nyuma ya nyumba ana kibano alichochomelewa kwa kipande cha nondo. Mara ya mwisho nilipokwenda nilisahau, nikatoa kisu changu mfukoni nianze kukata. Akanishika mkono. "Hapana, Bwana Shamba. Hapa tunatumia vya hapa."

Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujanunua kitu chochote, fanya jambo moja: chukua panga lako, lishike juani, litazame makali yake kwa mbele. Ukiona mstari mweupe unang'aa, huo ndio ubutu, makali halisi hayaonekani. Halafu jiulize mara ya mwisho uliazima la nani, na lilitoka kukata nini.

Maswali yaleteni, picha za vibano mlivyotengeneza zileteni. Tuonane shambani.